Vijana wa Dodoma waambiwe kwamba maua nayo ni kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo limenikaa moyoni muda mrefu. Mimi nina kitalu cha maua na miche huku Ihumwa, pembeni ya barabara ya Dar, na kabla sijahamia Dodoma nilikuwa kwenye shamba la waridi kule Usa River, Arusha, nilianza kama mvunaji, nikaingia pakihausi, yaani jengo la kupanga na kufunga maua, nikatoka nikiwa sapavaiza. Kwa hiyo mengi ninayoandika hapa nimeyashika kwa mikono.

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka wananijia wazazi kitaluni, wengine wamekuja kununua mti wa kivuli tu, basi tukiongea kidogo wananiambia kijana yupo nyumbani, hajui asomee nini, wamemfikiria ualimu, uuguzi, uhasibu, basi. Nikiwaambia kuna kilimo cha maua, kinasomewa mpaka chuo kikuu na kina ajira za kila aina, wananijibu "mama, maua si ya kupambia tu?" Siwalaumu, maana hapa Kanda ya Kati tumezoea zabibu, alizeti, mtama na uwele, ua ni kitu cha kuweka mlangoni. Lakini wazazi wenzangu, kuna watu kwa maelfu wanakula, wanajenga na kusomesha kwa maua tu, na hawako mbali, wako Arusha na Kilimanjaro, ukivuka mpaka wako Naivasha kwa majirani zetu Kenya.

Nianze na hiyo biashara yenyewe ilivyo, kwa sababu watu wengi wanadhani ni waridi peke yake. Kuna maua ya kukata, yale yanayovunwa na kikonyo chake yakaenda kwenye vesi, kama waridi, karnesheni, krisanthemamu, jibsofila, lili. Kuna maua ya kwenye vyungu, ya ndani ya nyumba na maofisini. Kuna miche ya bustani. Kuna watu kazi yao ni majani tu, yale ya kujazia bukee. Halafu kuna biashara moja wengi hawaijui kabisa, ya vipando, yaani mashamba ya Arusha yanakuza krisanthemamu siyo kwa ajili ya maua bali kwa ajili ya vile vichipukizi vya juu, vinakatwa vidogo vidogo, vinapakiwa kwenye maboksi, vinaenda Ulaya kuoteshwa na wakulima wa kule. Krisanthemamu ina tabia yake, mchana ukiwa mfupi ndo inatoa maua, kwa hiyo usiku wanawasha taa juu ya mimea ili idhani mchana bado mrefu na iendelee kutoa vichipukizi badala ya maua. Mtu anayesimamia zile taa ana kazi ya kitaalamu, siyo mbwembwe. Na wapo wanaozalisha mbegu za maua, hiyo nayo ni soko lake.

Huku kwetu maua ya kuuza nje yalishika kasi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, na mpaka leo Arusha ndo makao yake, ndo maana hata TAHA, jumuiya ya wadau wa horticalcha, yaani kilimo cha maua, mboga na matunda, iliyoanza 2004, ofisi zake kuu ziko kule. Kenya wao walitangulia na wako mbali sana, maua yao mengi yanatoka kandokando ya Ziwa Naivasha, Ethiopia nao wakaja wakatupita. Sababu ni nyingi ila moja ni usafiri, ua halisubiri, na sisi mizigo yetu mingi imekuwa ikivuka Namanga kwa lori kwenda kupandishwa ndege Nairobi, wakati KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ipo pale pale. Angalau mwaka 2023 ATCL, shirika letu la ndege, walipata ndege ya mizigo.

Sasa naomba nielezee kidogo safari ya waridi moja, maana hapo ndipo kazi zinapoonekana. Waridi linavunwa bado limefumba, petali za nje ndo zimeanza kulegea kidogo, ukichelewa nusu siku tu limefunguka na mnunuzi halitaki, ukiwahi sana halifunguki kabisa, kichwa kinainama kwenye vesi. Mvunaji mzuri anajua kwa macho, na kila aina ina hatua yake ya kukatwa, nyekundu hii siyo sawa na njano ile. Akikata linaingia kwenye ndoo ya maji safi yenye dawa hapo hapo, halilazwi chini hata dakika. Linapelekwa chumba cha baridi, nyuzi 2 mpaka 4, linapoa, ndipo linaingia pakihausi kwenye gredi. Pale unalipima urefu, sentimita 40, 50, 60, 70, kila urefu na bei yake, unaangalia kichwa, unaangalia majani kama yana ubwiri unga, ule ukungu mweupe, unaangalia kikonyo kama kimepinda, unatoa majani ya chini, unafunga 20 20, vichwa vimelingana, unazungushia karatasi, unakata miguu yote sawa, linarudi majini. Mimi nimesimama kwenye ile meza saa nyingi za maisha yangu na nakwambia mikono inajifunza mpaka unajua sentimita 50 bila kuangalia ubao. Siku mbili tatu baadaye lile waridi lipo Uholanzi, Aalsmeer, kwenye mnada ambao bei inaanza juu na kushuka, wa kwanza kubonyeza ndo kanunua, ukisubiri ishuke zaidi mwenzako kachukua. Siku hizi wanunuzi wengi wanabonyeza wakiwa ofisini kwao kwenye kompyuta, na mashamba mengine yanauza moja kwa moja kwa supamaketi bila kupita mnadani.

Hesabu watu waliopo hapo katikati. Kuna aliyebebesha ule mche, maana waridi halipandwi hivi hivi, linaunganishwa kwenye shina la waridi lingine lenye mizizi mizuri. Kuna fundi wa umwagiliaji anayechanganya mbolea kwenye maji ya matone na kupima chumvi na tindikali kila siku. Kuna skauti, huyu anatembea mstari kwa mstari na lenzi mkononi akigeuza majani kutafuta wadudu na magonjwa kama utitiri mwekundu, vithiripi, ubwiri vinyoya, anaandika kwenye karatasi, na ripoti yake ndo inaamua kama wapulize dawa au waachie wale utitiri rafiki wanaokula wenzao. Mimi nawaheshimu sana maskauti, wengi ni wasichana waliomaliza kidato cha nne, na akitulia miaka kadhaa anajua wadudu kuliko watu wengi wenye vyeti. Kuna mkaguzi wa ubora, kuna fundi wa majokofu ambaye yeye akilala mzigo wote umekufa, kuna mtu wa makaratasi ya usafirishaji, kuna wakaguzi wa serikali, TPHPA, wanaotoa cheti cha afya ya mimea bila hicho boksi halipandi ndege. Hapo sijagusa mtafiti anayezalisha aina mpya, na hiyo ni kazi ya pesa kubwa, kwa sababu aina mpya ya waridi ina mwenyewe na shamba linamlipa mrabaha. Wala sijagusa mhasibu, dereva, muuzaji, mwalimu.

Lakini sitaki kuwadanganya vijana wakaja kunilaumu. Kazi ya shambani ni ngumu na mishahara ya chini siyo mizuri. Ukikaribia Valentaini, tarehe 14 Februari, na tena Siku ya Wanawake tarehe 8 Machi, watu wanafanya kazi mpaka usiku. Wafanyakazi wengi ni kina mama, wengine wananyonyesha. Na kuna suala la dawa. Dawa ikipulizwa kwenye grinihausi kuna saa zimewekwa kisheria na kitaalamu za kutoingia, na bendera inawekwa mlangoni, lakini nilishaona kwa macho yangu wavunaji wanaambiwa ingieni oda imebana, na majani bado yamelowa. Dada mmoja tuliyekuwa naye alikuwa anatoka vipele mikono yote mpaka akaacha kazi. Mashamba yenye vyeti vya kimataifa mengi yamejirekebisha, wapulizaji wanapimwa damu, wanapewa ovaroli, glovu na maski, na yale yenye cheti cha Fairtrade, yaani biashara ya haki, mnunuzi anaongeza asilimia 10 ya bei inayoingia kwenye mfuko wa wafanyakazi wenyewe, wanajenga zahanati au wanalipia watoto shule. Kwa hiyo kijana akienda aulize, shamba hili lina cheti gani, bendera ya dawa iko wapi, kuna chama cha wafanyakazi, mkataba uko wapi. Kuuliza siyo utovu wa nidhamu.

Sasa nirudi nyumbani Dodoma, ambako ndo hasa nimeandikia.

Mji huu siyo ule wa zamani. Tangu serikali ihamie na jiji litangazwe mwaka 2018, kuna Mtumba na wizara zote, kuna Bunge ambalo kikao cha bajeti kikianza Aprili mji unafurika mpaka Juni, kuna UDOM na mahafali yake, kuna mahoteli, kumbi za harusi kila mtaa, sendofu, kitchen pati, misiba ya wakubwa na mashada yake. Yote hayo yanataka maua. Na maua yanatoka wapi? Yanatoka Arusha na basi la usiku kupitia Babati na Kondoa, au yanatoka Dar, au ni plastiki. Nimeshapokea maboksi ya waridi stendi alfajiri yakiwa yamesafiri kwenye buti pamoja na mikungu ya ndizi zilizoanza kuiva. Ndizi ikiiva inatoa hewa ambayo huioni wala huinusi lakini inalizeesha ua haraka, unafungua boksi asubuhi petali zinadondoka zenyewe, na harusi ni jioni. Mpambaji anafanyaje? Anachukua plastiki, tena ile ile iliyokaa kwenye ukumbi wa wiki iliyopita, vumbi wamefuta.

Watu wananiambia Dodoma hakuna maua kwa sababu ni kame. Jamani, hapana. Ni kweli waridi la kushindana na Naivasha hatutalipata hapa, waridi linataka mwinuko mkubwa na usiku wa baridi ndo kichwa kinanenepa, na visima vyetu vingi maji yake yana chumvi, waridi na chumvi haviivi chungu kimoja. Lakini nani kasema ua ni waridi tu? Sisi na Singida ndo watu wa alizeti nchi hii, na alizeti ni moja ya maua ya kukata yanayopendwa sana duniani! Kuna aina za maua, siyo za mafuta, zina shina moja na hazina chavua ya kuchafua kitambaa cha meza, tangu kupanda mpaka kukata ni kama miezi miwili tu. Unazipanda karibu karibu, kiganja kimoja mpaka kingine, ili kichwa kisiwe kikubwa kama sinia na shina liwe jembamba la kuingia vesi, unapanda kidogo kidogo kila baada ya wiki ili usivune zote siku moja, unazikata asubuhi petali zikianza tu kuinuka. Zinia, ua la jogoo, bangi mwitu yule wa njano wa bustani wanayemwita marigodi, statisi ambayo hata ikikauka rangi inabaki, yote hayo yanapenda jua, na jua sisi tunalo kuanzia Januari mpaka Desemba.

Na mimea ya vyungu ndo usiseme. Ile ZZ inayokaa kwenye kila ofisi ya kisasa, majani yanang'aa, asili yake ni huku huku Afrika Mashariki, Waholanzi ndo waliichukua miaka ya 1990 wakaikuza kwa wingi mpaka ikasambaa dunia nzima. Ua la Usambara lile dogo la zambarau ambalo wazungu wanaliweka dirishani lilichukuliwa milimani Usambara mwaka 1892 na mtawala wa Kijerumani, akapeleka mbegu kwao, leo ni biashara kubwa huko wakati Watanzania wengi hawajawahi hata kuliona. Waridi la jangwa lile la shina nene linaota lenyewe kwenye maeneo makavu ya nchi yetu. Mshubiri, bugenvilia, euforbia, zote zinavumilia Dodoma. Kinachonisikitisha ni pale tenda ya bustani ya ofisi inapotolewa, miche inaletwa na lori kutoka Dar, imekulia kwenye unyevu wa pwani, inashushwa hapa Julai upepo unavuma na hewa ni kavu, mwezi haujaisha imekauka, wanaagiza tena. Ingekuzwa hapa hapa ingeshazoea. Hiyo pesa inayorudi Dar kila mara ingekuwa ajira ya vijana wa Nzuguni, Iyumbu na Chamwino.

Tunaambiwa tuifanye Dodoma ya kijani, kampeni ilizinduliwa 2017 na Mama Samia mwenyewe akiwa Makamu wa Rais, na miti kweli imepandwa mingi. Mimi naomba hatua inayofuata iwe kazi. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ipo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu, lakini vikundi vinavyoomba naona ni bodaboda, kuku, batiki na saluni, sijasikia kikundi cha kitalu. Maafisa maendeleo wetu wa kata wakielezwa wataweza kuwashauri. Na kwenye mradi wa BBT, ule wa serikali wa kuwapa vijana mashamba, ambao mashamba yake ya mwanzo yapo hapa Chinangali, maji ya matone yameshafika, sioni ugumu wa kutenga eneo dogo la maua ya kukata pembeni ya zabibu, watu wa kumbi wapo kilomita chache tu wanayasubiri.

Kwa wanaouliza kusoma wapi, nawajibu hapa hapa ili nisirudie kwa kila mtu. SUA, chuo kikuu cha kilimo kule Morogoro, wana shahada ya horticalcha, kwa hiyo mtoto aliye sekondari asiikimbie Baiolojia wala Kemia. Tengeru kule Arusha kuna mafunzo ya kilimo cha bustani ngazi za chini ya shahada. Aliyeishia kidato cha nne bila ufaulu mzuri asikate tamaa, mashamba yanachukua watu na kuwafundisha kazini, skauti na watu wa gredi wengi walipita hivyo. Na upambaji, huu wa kumbi na bukee, ni ufundi wa kujifunza kwa aliyetangulia, ila mkumbuke kuwa mpambaji anayejua ua linavyoishi anamzidi yule anayejua rangi tu. Vitu vidogo: kata upya mguu wa ua kwa kisu kikali, siyo mkasi butu unaoponda mishipa ya maji, toa majani yote yatakayozama, badilisha maji kila baada ya siku moja mbili, tone la jiki na kijiko cha sukari vinatosha kama huna dawa ya dukani, na usiweke vesi karibu na matunda. Ukifanya hivyo steji ya Ijumaa inakuwa nzuri mpaka ibada ya Jumapili, na mteja anakupigia tena.

Ombi langu kwako Mhariri ni kwamba kwenye kurasa za kilimo mtuandikie pia habari za maua, mtume mwandishi aende Usa River na Tengeru aongee na hao skauti na watu wa gredi, na wenye mashamba nao waulizwe kuhusu dawa na mishahara, wasomaji wa huku tujue. Na mwalimu yeyote wa sekondari za Dodoma anayetaka kuleta wanafunzi kitaluni kwangu anakaribishwa bila malipo, Jumamosi asubuhi ndo kuzuri kwa sababu ndo tunahamisha miche kwenda vyungu vikubwa, watashika udongo wenyewe na nitawaonyesha jinsi ya kubebesha waridi, mwalimu awaambie waje na kofia na maji ya kunywa maana kwangu kivuli bado ni kidogo.

Msomaji wako,
Mama wa kitalu,
Ihumwa, Dodoma